SOMO LA VIJANA: KURA 88 NA KIKOMBE CHA CHAI



Vijana wenzangu, leo tujifunze jinsi Waingereza walivyoacha biashara ya watumwa katika Bahari ya Atlantiki.

Aprili 1791, mbunge William Wilberforce aliliomba Bunge la Uingereza lipige marufuku biashara hiyo. Alishindwa: kura 88 dhidi ya 163. Wengi waliangalia faida tu.

Lakini huku chini mambo yalikuwa yameanza kubadilika. Olaudah Equiano, aliyewahi kuwa mtumwa, alizunguka nchini akiuza kitabu cha maisha yake. Familia nyingi zilikataa kutia kwenye chai sukari iliyolimwa na watumwa. Mwaka 1792 Bunge lilipokea maombi 519 ya kupinga biashara hiyo, na wengi waliotia sahihi hawakuwa hata na haki ya kupiga kura.

Vita na Ufaransa vikachelewesha mambo. Hatimaye, Februari 1807, wabunge walipiga kura tena: 283 dhidi ya 16! Ila waliokuwa tayari watumwa kwenye makoloni walisubiri sheria nyingine, ya 1833.

Mimi hapa naona hivi: dhambi ikishakuwa mazoea ya nchi nzima, kuwalaumu wanasiasa peke yake hakutoshi. Lazima na sisi tuikatae mezani kwetu.

Sasa jiulize, ndugu yangu: dada wa kazi hapo nyumbani kwenu analipwa? Anapumzika? Usiishie kumwombea tu. Msemee.

Mungu akubariki.