Kukata Mkonge na Kubaki na Kiuno

Kabla sijahamia Mkata kulima mahindi, nilikata mkonge mashamba ya Korogwe. Vijana wa hapa wanaokwenda huko kutafuta kibarua huniuliza: nifanyeje nisirudi nimepinda?

Jihadhari na jani la chini. Ndilo hukatwa kwanza, nalo liko jirani na ardhi. Malipo ni ya kipande, basi wengi huinama miguu imenyooka ili wawahi. Wewe piga goti moja, kitambaa kinene kikiwa kimefungwa gotini, kata, halafu inuka kwa nguvu ya mapaja. Mche unaofuata, goti la pili. Kisu kinolewe asubuhi na tena katikati ya kazi. Kikiwa butu, bega ndilo linalolipa.

Kinachomaliza watu hasa ni kubeba. Mzigo mmoja ni majani 30, nayo yamejaa maji: katika kilo 100 za majani, nyuzi ni kama kilo 4 tu. Kilichobaki ni maji na makapi ya kuachwa kwenye korona, yaani mtambo wa kutoa nyuzi, lakini mgongo umeshakibeba. Mzigo ukiwa begani usizungushe kiuno, geuza miguu. Ukizidi uwezo wako, ugawe, hata wenzako wakikucheka.

Jioni kandwa kwa maji ya moto, kisha tembeatembea. Kulala kutwa hukaza mgongo. Diklofenaki ya dukani ni ya siku chache, tena baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo na mjamzito wamuulize mtaalamu kwanza. Mikanda ya kiuno inayouzwa stendi mimi siiamini. Ila mguu ukilegea, ganzi ikishika sehemu za siri au mkojo ukiziba, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Maumivu yakianza, mwambie nyapara na yaandikwe. Upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya 2008 na kuanza kazi 2015. Anayeuchangia ni mwajiri. Mshahara wako haukatwi. Kidole kilichokatika kila mtu anakiona, lakini mgongo uliochakaa polepole hauna shahidi ila tarehe uliyotoa taarifa na karatasi ya daktari. Nakala zake zitunze nyumbani, usiziache kambini.