Mabuyu: Faida Zake, Kiasi Chake na Namna ya Kuyala kwa Usalama

Ni shule chache za msingi za Kibera na Kawangware ambazo hazina muuza mabuyu karibu na lango. Watoto huyanunua kwa shilingi chache wakienda nyumbani, na wazazi wengi hujiuliza: je, haya ni matunda au ni peremende? Yanajenga mwili au yanaharibu meno? Wapo pia akina mama wanaolipa kodi ya nyumba na karo kutokana na biashara hiyohiyo, na wangependa kuyatengeneza vizuri zaidi. Somo hili ni la mzazi na la muuzaji pia.

Jibu kwa ufupi ni hili: tunda lenyewe ni zuri, na hatari kubwa hutoka katika vitu ambavyo sisi wenyewe huongeza, yaani sukari nyingi, rangi zisizojulikana, maji machafu na mikono isiyonawiwa.

Tulijue tunda lenyewe

Mti ni mbuyu, tunda lake ni buyu, na ubuyu ni ile nyama nyeupe, kavu na chachu inayoshika mbegu. Nairobi tukisema “mabuyu” huwa tunamaanisha zile mbegu zilizopakwa sukari na rangi. Mbuyu hauoti katika baridi ya Nairobi. Humea maeneo ya joto na ukame kama vile Kilifi, Kwale, Taita Taveta, Makueni na Kitui. Mbuyu mara nyingi haupandwi shambani. Ni mti wa porini ambao wenyeji huuvuna, kisha mzigo husafirishwa hadi masoko yetu.

Kuna takriban aina nane za mibuyu duniani. Sita ni za kisiwa cha Madagascar. Mmoja wa Afrika bara ndio huu wetu, na mwingine huota kaskazini-magharibi mwa Australia, katika eneo la Kimberley, ambako wenyeji wa asili wamekula matunda yake tangu jadi. Soko la kimataifa nalo limeutambua ubuyu wetu. Umoja wa Ulaya uliidhinisha unga wake kuuzwa kama chakula mwaka 2008, na Marekani ikaukubali kama kiungo cha vyakula mwaka 2009. Kumbe kinachouzwa kwa bei ghali ng’ambo ndicho kilichomo katika kifuko cha mtoto wa Gatwekera au Gatina.

Kilicho ndani ya ubuyu

Ubuyu haukaushwi kwa mashine. Hukauka wenyewe ndani ya ganda gumu la buyu. Ndiyo sababu virutubishi vyake vimekolea.

Vitamini C: Vipimo hutofautiana kulingana na mti na mahali, lakini vingi huonyesha kati ya miligramu 150 na 300 katika kila gramu 100 za unga. Chungwa lina takriban miligramu 50 katika gramu 100.

Hapa ni vyema tuwe waangalifu. Hakuna anayekula gramu 100 za unga wa ubuyu kwa kikao kimoja. Kijiko cha chakula kilichojaa ni takriban gramu 10, ambazo zina miligramu 15 hadi 30. Kwa hiyo kijiko kimoja hakilishindi chungwa zima. Hata hivyo, mtoto wa miaka 7 hadi 9 anahitaji takriban miligramu 35 kwa siku na mtu mzima takriban 45. Kijiko kimoja au viwili ni msaada mkubwa, hasa pale matunda mengine yanapopanda bei.

Nyuzinyuzi: Karibu nusu ya uzito wa unga ni nyuzinyuzi. Hizi husaidia choo kuwa laini na humfanya mtu ahisi kushiba.

Madini: Ubuyu una kalsiamu, inayojenga mifupa na meno, na potasiamu kwa wingi.

Faida nyingine haizungumzwi sana. Vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika maharagwe, ndengu, mboga za kienyeji na sukuma wiki. Familia ambayo haili nyama mara kwa mara hutegemea vyakula hivi ili kupata damu ya kutosha. Glasi ya juisi ya ubuyu pamoja na mlo wa githeri ina manufaa kuliko kikombe cha chai, kwa kuwa chai huzuia madini hayo yasifyonzwe vizuri. Kunywa chai yako saa moja au zaidi baada ya kula.

Faida hupotea wapi?

Kwanza, hupotea motoni. Vitamini C huharibiwa na joto. Ukichemsha unga wa ubuyu pamoja na uji, utabaki na uchachu na nyuzinyuzi, lakini sehemu kubwa ya vitamini itakuwa imekwenda.

Pili, hupotea kwenye sukari. Mabuyu mekundu yaliyopakwa shira nene huwa na sukari nyingi kuliko nyama ya tunda. Sukari hiyo hunata kwenye meno, na mtoto huyamung’unya kwa muda mrefu. Meno hutoboka. Mpe mtoto mabuyu mara mojamoja, tena baada ya chakula, kisha asukutue kwa maji.

Tatu, hupotea ghalani. Unga uliowekwa wazi hunyonya unyevu, hushikana mabonge na kuota ukungu. Uhifadhi katika chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na jua. Ukiona ukungu au ukisikia harufu ya uvundo, utupe wote. Usikwangue juu tu.

Namna ya kuutumia nyumbani

Unga: Nunua unga mweupe au wa rangi ya krimu usiotiwa kitu. Waweza pia kununua ubuyu wenye mbegu, ukautwanga polepole kwenye kinu kikavu na kuuchekecha.

Uji: Pika uji kama kawaida, uepue, uache upoe hadi unyweke. Koroga kijiko kimoja cha unga wa ubuyu na maji kidogo yaliyochemshwa ili usishikane, kisha changanya katika bakuli la uji. Uchachu wake hufanana na wa uji uliochachushwa, kwa hiyo watoto wengi huuzoea upesi.

Juisi: Tia vijiko vinne vya unga katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Koroga, acha dakika 10, koroga tena, kisha chuja. Waweza kuongeza ndizi iliyoiva badala ya sukari. Inywe siku hiyohiyo.

Jambo la maji tulitilie mkazo. Katika mitaa yetu, mabomba mengi hupita karibu na mitaro ya majitaka, na mlipuko wa kipindupindu ulioanza nchini Oktoba 2022 ulifika Nairobi pia. Uchachu wa ubuyu hauui vijidudu. Chemsha maji hadi yatokote, au yatibu kwa dawa ya klorini kama kibandiko kinavyoelekeza. Ni vivyo hivyo kwa maji ya barafu.

Kwa wanaotengeneza na kuuza

Chagua ubuyu mkavu, usio na wadudu wala ukungu. Nawa mikono kwa sabuni, funga nywele, na usitayarishe chakula ukiwa unaharisha au una kidonda mkononi kisichofunikwa.

Kwa vikombe vinne vya ubuyu wenye mbegu, chemsha kikombe kimoja cha sukari na nusu kikombe cha maji hadi shira ianze kuwa nzito. Tia iliki ukipenda. Epua kwanza, ndipo umimine ubuyu na kuugeuza hadi upakike sawasawa. Utandaze kwenye sinia safi, uufunike kwa kitambaa chepesi na uache ukauke ndani ya nyumba. Kuanika kando ya barabara hukaribisha vumbi na nzi.

Kuhusu rangi, njia salama zaidi ni kutumia maji ya bitiruti badala ya maji matupu. Ukitaka rangi ya dukani, nunua ile ya chakula pekee, iliyofungwa na yenye kibandiko na alama ya KEBS, na ufuate kipimo. Rangi ya nguo, ya mikeka au ya kiwandani haifai kuliwa hata kidogo. Rangi inayopimwa kutoka gunia lisilo na jina usiinunue, hata iwe rahisi namna gani.

Usifunge kwa gazeti, kwa kuwa wino wake huingia kwenye chakula. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, hivyo tumia vifungashio vya chakula vinavyoruhusiwa na NEMA. Kumbuka pia kwamba kila anayeshughulika na chakula cha kuuza anahitaji cheti cha uchunguzi wa afya, ambacho hufanywa upya kila baada ya miezi sita. Afisa wa afya ya umma katika wadi yako atakueleza utaratibu. Mwendee kabla hajakujia.

Wanaohitaji tahadhari

Mtoto wa chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama pekee. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe mabuyu yenye mbegu kwa sababu yanaweza kumkaba. Mpe unga ndani ya uji.

Mwenye kisukari aepuke mabuyu ya sukari. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza, kwa sababu ya potasiamu. Asiyezoea nyuzinyuzi aanze na kijiko kidogo na anywe maji ya kutosha, asije akavimbiwa na tumbo.

Mtoto anayeharisha anahitaji ORS na zinki kutoka kituo cha afya. Juisi ya ubuyu haichukui nafasi yake. Vilevile, mama mjamzito aendelee kumeza vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki. Ubuyu ni chakula, si dawa.

Mbegu ikimkaba mtoto

Mtoto akiweza kukohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, mwinamishe mbele na umpige mara tano katikati ya mabega kwa kiganja. Kama ana zaidi ya mwaka mmoja na haijatoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu na uivute ndani na juu mara tano. Rudia kwa zamu huku mtu mwingine akitafuta msaada. Usiingize kidole kooni bila kuona kilichokwama, utakisukuma ndani zaidi.

Kumbuka haya matano

1. Ubuyu usiotiwa rangi wala sukari ndio wenye faida kubwa.
2. Utie katika uji uliokwisha kuepuliwa.
3. Maji ya juisi yawe yamechemshwa au kutibiwa.
4. Mbegu si za watoto wadogo.
5. Rangi isiyo na kibandiko isiingie kinywani.

Ukishuku kwamba mabuyu yanayouzwa karibu nawe yametiwa rangi isiyofaa, mweleze afisa wa afya ya umma au mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea nyumba yenu.