Pumzi Inavyokuwa Sauti: Nai ya Taarabu na Mlio wa Jeti

Klabu ya taarabu ya Ikhwani Safaa iliundwa katika Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 1905. Miongoni mwa ala za taarabu ya Unguja imo nai, kipande cha tete kilicho wazi pande zote mbili. Nai haina uzi wala ulimi wa kutetema. Mpigaji huipuliza kwa pumzi isiyokatika, nayo hutoa sauti safi. Je, pumzi isiyotetema huzaaje mtetemo?

Jawabu ni marejeo. Mkondo mwembamba wa pumzi hugonga ukingo wa tete, ukayumba ndani na nje. Kila uingiapo ndani hutuma wimbi. Wimbi hilo hufika mwisho wa tete, huakisiwa, kisha hurudi na kuusukuma mkondo uyumbe tena. Hivyo tokeo hugeuka kuwa sababu.

Chukua tete la sentimita 50, matundu yake yote yamezibwa. Wimbi huenda na kurudi mita 1. Katika hewa yenye joto ya pwani sauti husafiri takriban mita 350 kwa sekunde. Basi mitetemo ni kama 350 kwa sekunde.

Mkondo wa jeti upitao kasi ya sauti nao huweza kupiga mlio mmoja mkali, pasipo tete wala ukingo. Alan Powell wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, alieleza sababu yake mwaka 1953. Kanieneo ya hewa itokayo isipolingana na ya nje, mkondo hujigawa vyumba vyumba kwa mawimbi ya mshtuko. Mizunguko midogo ya hewa ikipita katika vyumba hivyo hutoa sauti. Sauti hiyo haiwezi kurudi ndani ya mkondo, kwani mkondo una kasi kuliko yenyewe. Hurudi kwa nje, katika hewa iliyotulia, hadi mdomo wa bomba, na hapo huzaa mizunguko mipya.

Mlio huo si kero ya masikio tu: hutikisa mabati ya ndege hata yakachoka na kupasuka. Dawa yake ni kuyavuruga marejeo, kwa mfano kwa kuweka meno madogo mdomoni mwa bomba.

Zoezi: Mizunguko husafiri sentimita 7 kwa kasi ya mita 280 kwa sekunde, sauti hurudi umbali huo huo kwa mita 350 kwa sekunde. Tafuta idadi ya mitetemo kwa sekunde. (Jibu: takriban 2,200.)