Kompyuta ya dukani ikigoma kuwaka baada ya kubadilishwa diski

Wafanyabiashara wengi wanaotunza hesabu za mauzo kwenye kompyuta ya mezani hutumia mashine za mitumba kutoka nje, hasa Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre. Mashine hizi zikianza kuwa nzito, dawa inayotolewa na mafundi ni kuondoa hadi diski ya zamani, ile inayozunguka, na kuweka SSD. Dawa hiyo ni nzuri. Matatizo huanza pale ambapo kazi imekwisha, kifuniko kimefungwa, swichi imebonyezwa, na kwenye kioo yanatokea maandishi "No bootable device", yaani hakuna diski ya kuwashia.

Hapo ndipo mwenye duka huambiwa kuwa bodi kuu imekufa na kwamba atafute mashine nyingine. Kabla hajatoa fedha, hana budi kujua kwamba kompyuta iliyoweza kuandika ujumbe huo haijafa. Bodi, prosesa na kioo vinafanya kazi. Kilichokosekana ni njia kati ya bodi na Windows iliyomo ndani ya diski, na mara nyingi njia hiyo hurudi kwa kukaza waya au kubadili mpangilio mmoja, bila kununua chochote.

La kwanza kabisa ni diski ya zamani. Iwekwe kando, ifungwe kwenye bahasha yenye tarehe, na isifutwe na mtu yeyote hadi mashine mpya iwe imefanya kazi mwezi mzima. Sheria za kodi za Tanzania na Kenya zinamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5, na ritani ya VAT hudaiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Fundi anayetaka kuibakiza diski ya zamani kama sehemu ya malipo anaomba kitu chenye thamani kubwa kuliko bei yake sokoni. Ndani yake mna majina ya wadaiwa, bei za manunuzi na pengine nywila za benki.

Baada ya hapo utafutaji uanze. Endapo kioo ni cheusi kabisa na mashine inalia milio, diski haihusiki. Aghalabu kadi ya kumbukumbu, yaani RAM, imelegea wakati wa kufungua. Waya wa umeme uchomolewe ukutani, RAM itolewe na kurudishwa hadi vishikizo vyake vilie.

Kama ujumbe unatokea, swali linalofuata ni hili: je, bodi inaiona diski mpya? Jibu liko kwenye ukurasa wa mipangilio, ambao hufunguliwa kwa kubonyeza kibonye mfululizo mara tu mashine inapowashwa: F2 kwa Dell, F10 kwa HP na F1 kwa ThinkCentre. Jina la SSD na ukubwa wake vinatakiwa kuonekana hapo. Jibu la swali hilo hugawa kazi yote iliyobaki, na fundi asiyeanza na ukurasa huu anabahatisha kwa gharama ya mteja.

Diski isipoonekana, waya ndio wa kutazamwa. SSD ya kawaida ya inchi 2.5 hutumia nyaya mbili, mwembamba wa data wenye pini 7 na mpana wa umeme wenye pini 15. Mmoja ukilegea, diski haipo. Waya wa data ubadilishwe kwa mwingine na tundu jingine la bodi lijaribiwe. Kwa SSD ndogo za M.2, zile zinazofanana na kipande cha ubani, kuna mtego zaidi. Ziko za SATA na ziko za NVMe, na tundu la aina moja huenda lisiikubali nyingine hata kama imeingia vizuri. Mashine nyingi za kati ya 2012 na 2014 haziwezi kuwaka kutoka kwenye NVMe hata ikiwekewa kadi ya kuiunganisha. Kwa mashine za umri huo ni afadhali kununua SATA tu.

Diski ikionekana lakini mashine bado inagoma, kosa mara nyingi liko kwenye namna ya kuwaka. Namna ni mbili. Ile ya zamani, inayoitwa Legacy, husoma sehemu ya kwanza kabisa ya diski na kutii maelekezo iliyoyakuta hapo. Diski yake hupangwa kwa mtindo wa MBR. Ile mpya, UEFI, hutafuta chumba kidogo maalumu ndani ya diski chenye faili la kuwashia, na diski yake hupangwa kwa mtindo wa GPT. Windows iliyowekwa kwa namna moja haiwaki kwa nyingine. Diski ni nzima, bodi ni nzima, ila hazisikilizani.

Kulijua hili hakuhitaji vifaa. Menyu ya kuchagua diski ya kuwashia hufunguliwa kwa F12 kwenye Dell na Lenovo, na F9 kwenye HP. Katika mashine nyingi za miaka hiyo orodha imegawanywa sehemu mbili, Legacy na UEFI. Diski ichaguliwe chini ya sehemu ya kwanza, kisha ya pili. Ikiwaka kwa mojawapo, tatizo limepatikana: mpangilio uwekwe hivyo moja kwa moja na uhifadhiwe.

Kwa nini mpangilio ubadilike wenyewe? Mara nyingi ni betri. Kwenye bodi kuna betri ya duara, CR2032 ya volti 3, ambayo hutunza saa mashine inapokuwa haina umeme, na katika mashine nyingi za zamani hutunza mipangilio pia. Ikiwa imechoka, mashine ikichomolewa ukutani kwa ajili ya kubadili diski husahau, na kurudi kama ilivyotoka kiwandani. Dalili yake ni tarehe ya miaka mingi nyuma. Tarehe hiyo ina hasara nyingine: kurasa za benki na za mamlaka ya kodi hukataa kufunguka, au huonyesha onyo la usalama, kwa sababu vyeti vyake vya usalama hukaguliwa kwa tarehe.

Betri hiyo hiyo huleta kosa la tatu. Windows inaanza kuwaka, kisha kinatokea kioo cha buluu chenye maneno INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Hapo mara nyingi mpangilio wa SATA umeruka kutoka AHCI kwenda RAID, au kinyume chake. Dell nyingi hutoka kiwandani zikiwa RAID. Urudishwe ulivyokuwa, na Windows huwaka bila kuwekwa upya. Anayekimbilia kuiweka upya Windows, hasa kwa kufuta diski, anaweza kupoteza programu ya mahesabu na leseni yake.

Endapo mashine inaomba namba ya tarakimu 48, diski imefungwa na BitLocker. Namba hiyo kwa kawaida huwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiwasha mashine mara ya kwanza. Isipopatikana, hakuna fundi wa kuifungua.

Hatari kubwa kuliko zote, hata hivyo, haina ujumbe. Fundi hunakili diski ya zamani kwenye SSD na kuziacha zote mbili zimechomekwa. Mashine inawaka, mteja analipa, duka linaendelea. Kumbe Windows inayowaka ni ile ya diski ya zamani. Mauzo ya wiki mbili yanaandikwa humo, na siku diski hiyo inapokufa, SSD inawaka ikiwa na hesabu zilizokoma siku ya matengenezo. Kwa hiyo, mara ya kwanza baada ya kunakili, mashine iwashwe ikiwa na SSD peke yake, ya zamani ikiwa imechomolewa. Hili lifanyike mbele ya mteja, kabla ya malipo. Afungue daftari la mauzo, atazame ankara ya mwisho, azime, achomoe ukutani kwa dakika chache, kisha awashe tena. Betri iliyochoka hujulikana hapo hapo.

Kwa anayefanya matengenezo haya sasa, akumbuke pia kuwa Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Aulize kwanza kama mashine yake inakubali Windows 11, kwani nyingi za kabla ya 2018 hazimo katika orodha rasmi, na jibu hilo ndilo litakaloamua kama SSD inunuliwe kwa ajili ya mashine hiyo au fedha ziwekwe akiba kwa nyingine.