Farasi wa Nisaya na Ng'ombe wa Kwetu

Waganda humwita farasi embalaasi. Neno hili ni lile lile la Kiswahili, farasi, nasi tulilipata kwa Waarabu. Mnyama huyu hakuwa wa nchi hizi, wala si kwa uvivu wa wazee wetu. Katika Afrika farasi huuawa na nagana, inayoletwa na mbung'o, na tena na ugonjwa mwingine unaoletwa na usubi. Mwaka 1877 Alexander Mackay, ambaye baadaye alikaa hapa Nateete, alikata barabara ya magari kutoka Saadani mpaka Mpwapwa. Lakini ng'ombe waliojaribiwa kuvuta magari katika njia ile walikufa kwa wingi. Basi mizigo ya kuja Buganda ikachukuliwa na watu.

Sasa na tutazame nchi ambayo farasi walistawi kuliko kwingine.

Katika milima ya magharibi ya Uajemi, nchi iliyoitwa zamani Media, palikuwa na uwanda wa Nisaya. Malisho yake yalikuwa mazuri sana. Lusani, ambayo wafugaji wetu hupanda leo, Wayunani waliiita majani ya Media, kwa kuwa iliwafikia kutoka huko. Farasi wa Nisaya walikuwa wakubwa na wenye nguvu, na wafalme waliwapenda mno.

Herodotus, mwandishi wa Kiyunani, asimulia habari za Mfalme Xerxes, ambaye wengi husema ndiye Ahasuero wa Kitabu cha Esta. Alipokwenda kuwapiga Wayunani mwaka 480 K.K., mbele yake walitangulia farasi kumi watakatifu wa Nisaya, wamepambwa vizuri, na gari lake mwenyewe lilivutwa na farasi wa Nisaya. Mwaka uliofuata, karibu na Plataea, mkuu wa wapanda farasi wake, Masistius, alipanda farasi wa Nisaya mwenye lijamu ya dhahabu. Farasi akachomwa mshale ubavuni, akasimama kwa miguu ya nyuma kwa uchungu, akamtupa bwana wake. Wayunani wakamrukia, wakamwua. Waajemi wakaomboleza, wakanyoa nywele zao, na za farasi wao pia.

Mwaka 324 K.K. Aleksanda Mkuu alipita katika uwanda ule. Habari zilizoandikwa zasema kwamba zamani palikuwa na majike 150,000, lakini yeye alikuta wasiozidi 50,000. Wengi walikuwa wameibwa na wanyang'anyi. Leo hakuna hata mmoja popote duniani.

Je, mbegu ya mnyama hupoteaje? Si lazima wote wafe. Tufanye hesabu. Ng'ombe jike wa Ankole akipandwa na fahali wa Kizungu, ndama atakuwa na nusu ya damu ya Ankole. Ndama huyo akikua, naye akapandwa na fahali wa Kizungu, mtoto wake atakuwa na robo. Mara ya tatu ni sehemu moja ya nane, mara ya nne moja ya kumi na sita. Zizi limejaa, hakuna aliyechinjwa, lakini ng'ombe wa babu hayumo tena.

Hili si jambo la Uajemi tu. Katika barabara ya Masaka ipitayo hapa Nateete, malori huleta mjini ng'ombe wa magharibi wenye pembe ndefu. Mwaka 2007 wataalamu wa taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI walionya kwamba ng'ombe wa Ankole waweza kutoweka kwa muda wa miaka 20, kwa sababu wafugaji wanawaacha na kuchukua Friesian. Walieleza pia kwamba wakati wa ukame, wenye ng'ombe wa Ankole waliweza kuwapeleka mbali kutafuta maji, na waliokuwa wamewabadilisha wote walipoteza makundi yao.

Hatuwalaumu wafugaji. Friesian hutoa maziwa mengi, na maziwa hayo yamelipa karo za wengi wetu. Lakini mwenye ng'ombe ishirini akitenga watano wa asili pamoja na fahali wao, hatapata hasara kubwa, na mbegu itabaki. Ninyi wazee wa shule hii wenye mashamba, mwaweza kuanza. Farasi wa Nisaya walilindwa na wafalme wenye majeshi, wakapotea. Ng'ombe wetu hawana mlinzi ila mwenye zizi.

Maswali

1. Kwa nini farasi hawakustawi katika nchi zetu?
2. Baada ya kuchanganywa mara tano, damu ya Ankole itakuwa sehemu gani?
3. Waulize wazee nyumbani: ni mnyama au mbegu gani ya zamani isiyoonekana tena kijijini kwenu?