Windo la kwanza bila mshale: vidokezo vya kumfuata swala Kitui na Makueni

Kuna watu ambao wakiona alama ya kwato mchangani, mwili unawasisimka. Ukambani hilo si geni. Hii ni nchi ya wapiga upinde, waliochemsha sumu ya msunguti na kumfuata mnyama juani kutwa nzima, na ambao katika karne ya 19, wakiongozwa na watu kama Kivoi wa Kitui, walipeleka pembe za ndovu hadi pwani. Ikiwa nawe hamu hiyo imekushika, lipange windo lako la kwanza liwe la macho na kamera. Ujuzi unaotakiwa ni uleule, na mnyama atabaki hai kwa ajili ya atakayekuja kesho.

1. Ijue sheria kabla ya safari. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inamtia hatiani hata anayewinda kwa ajili ya chungu chake. Nyama ya porini nayo usinunue, hata muuzaji akiwa jirani yako. Anayetaka bunduki kwa njia halali huvuka kwenda Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii una vibali. Kitui na Makueni kibali cha namna hiyo hakipo, kwa hiyo mtu akikuahidi kwamba “atakupangia”, achana naye.

2. Chagua mnyama mmoja. Anayetaka kuwaona wote hurudi na picha za makalio yanayokimbia. Kwa mwanafunzi, napendekeza digidigi. Ni mdogo, yupo kwa wingi vichakani, na hukaa wawili wawili, dume na jike, kwenye eneo lao dogo wasilolihama. Mipaka yao wanaitia alama kwa marundo ya vinyesi, na kwa utomvu mweusi unaotoka kwenye tezi iliyo karibu na jicho, ambao huupaka kwenye ncha za vijiti. Ukiliona rundo lenye vinyesi vibichi, umeshafika nyumbani kwake. Rudi nyuma kidogo, keti kivulini, subiri jua lipungue. Atakuja.

Ukishamzoea digidigi, mtafute swala twiga, yule mwenye shingo ndefu anayesimama kwa miguu ya nyuma ili afikie majani ya juu. Tandala mdogo mwache kwa safari nyingine. Michirizi yake myeupe inafanana mno na mwanga unaopenya matawini, naye husimama kimya hadi umpite.

3. Chagua mwezi. Mvua ambayo mkulima wa Ukambani huitegemea zaidi ni ya vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Baada yake nyika hujaa majani na usione hatua kumi mbele. Nenda Agosti au Septemba, miti ikiwa imepukutika. Lakini usidhani kiangazi kinamleta kila mnyama mtoni. Kuro hakai mbali na maji, ilhali digidigi na swala twiga hupata maji mengi wanayohitaji kwenye majani wanayokula. Ukimvizia swala twiga kisimani, utavizia mpaka ukome.

4. Chagua mahali kulingana na mfuko na uzoefu. Makueni ndiko rahisi kuanzia. Treni ya Madaraka inayosimama njiani hukushusha Emali, Kibwezi au Mtito Andei. Kutoka Kibwezi unaweza kufika Milima ya Chyulu, hifadhi ya taifa tangu 1983, na unaweza kutembea kwa miguu ukiwa na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Chyulu haina mito: mvua huzama kwenye miamba ya volkano na kuibuka chini, kwenye chemchemi za Umani na Mzima. Beba maji yako yote. Mtito Andei lipo lango la Tsavo Magharibi, ila huko utakaa garini.

Kitui Kusini, upande wa Ikutha na Mutha hadi inakopakana na Tsavo Mashariki, ni kukavu zaidi, wageni ni wachache na mtandao wa simu hukatika. Usiende huko peke yako, na usiende kabla ya kuuliza hali ya usalama kwa chifu na kwa KWS. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kupitia eCitizen. Lipia ukiwa bado mjini.

5. Tafuta mwenyeji, na umlipe vizuri. Hiki kwangu ndicho kidokezo kikubwa kuliko vyote. Mzee aliyechunga mbuzi kando ya mto Tiva au Thua anajua swala hupita wapi na saa ngapi. Mwamkie kwanza, “Wi museo?”, na mama mtu mzima mwite “mwaitu”. Patana malipo kabla ya kutoka, yawe ya siku nzima, na chakula juu yako.

Mwombe akufundishe nyayo kwenye mchanga wa mto mkavu, asubuhi kabla upepo haujaanza. Alama mpya ina kingo kali. Ikiwa njia ya mdudu imepita juu ya kwato, mnyama alipita usiku. Vidole vya kwato vikiwa vimetanuka na mchanga umerushwa nyuma, alikuwa anakimbia, na pengine kuna kilichokuwa kinamfukuza. Hapo mwenyeji akisema turudi, rudini. Ndovu na nyati nao hupita humo humo.

6. Upepo ndio bwana. Chukua mchanga laini, uachie taratibu, uone unakoelekea. Tembea ukiupokea usoni. Manukato, sabuni kali na sigara viache nyumbani.

7. Mavazi. Kaki au rangi ya udongo. Nguo za madoadoa ya kijeshi usivae kabisa, kwani Kenya ni za vikosi vya usalama na zinaweza kukulaza kituoni. Buluu na nyeusi huwavutia mbung'o. Viatu viwe vya kufunika vifundo, kwa sababu kifutu hulala njiani na hakukimbii. Maji yasipungue lita nne kwa mtu kwa siku.

8. Tazama chini kutafuta waya. Mitego ya waya hufungwa kwenye vipito vya swala, usawa wa shingo, na humkaba yeyote anayepita, hata mwenye mimba. Ukiuona, piga picha, hifadhi mahali ulipo kwenye simu, umwarifu askari wa KWS siku hiyohiyo. Usimtangaze mtu kijijini, na usinyamaze. Picha ya tandala inaweza kungoja, taarifa ya mtego haiwezi.