SOMO LA UCHUMI: Kwa nini hisa ya hatari inauzwa kwa bei ndogo?



Hapa Kongo hatuna soko la hisa. Hata hivyo, hisa za kampuni zinazotafuta mali ya udongo wetu zinauzwa katika miji ya mbali. Tujifunze namna hatari na mashaka vinavyogeuza faida ya mwenye hisa, kisha tutafika Manono, katika jimbo letu la Tanganyika.

1. Hisa
Hisa ni kipande cha mali ya kampuni. Mwenye hisa anapata feza kwa njia mbili: kampuni ikigawa faida yake, ao bei ya hisa ikipanda.

2. Malipo ya hatari
Wakati ziwa lina mawimbi, mwenye mashua anaomba bei kubwa ya kubeba mizigo. Njia haikuongezeka urefu. Analipwa juu ya hatari. Mununuzi wa hisa ni vile vile.

Tuseme hisa A itakuwa na bei ya 110 mwaka ujao, bila shaka. Mutu ananunua kwa 100, anapata faida ya 10 kwa mia. Hisa B inaweza kufika 150, inaweza pia kuanguka mpaka 70, kwa nafasi sawasawa. Hesabu ya kati ni 110 tena. Lakini nani atalipa 100 juu yake? Watu wataogopa, na bei itashuka, tuseme mpaka 88. Basi faida ya kati ni 22 juu ya 88, ndiyo 25 kwa mia.

Angalieni vizuri: woga unashusha bei ya leo, na bei ndogo ya leo inaongeza faida inayotazamiwa kesho. Inatazamiwa tu, haikuahidiwa! Hakuna mutu atakayepata 110 ya hisa B. Atapata 150 ao 70.

3. Mufano wa Kenya
Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza hisa za Safaricom kwa shilingi 5 moja moja. Mwaka 2009 bei ilishuka chini ya 3. Mwaka 2021 ilipita 40. Mwenye kuuza kwa haraka juu ya kuhitaji feza alipata hasara. Mwenye kuweza kungoja alipata faida mingi. Hisa ni ile ile.

4. Hatari si mashaka
Mwaka 1921 mwalimu wa uchumi wa Marekani, Frank Knight, alitenga mambo haya mawili. Mutu anayetupa dadu hajui namba gani itatokea, lakini anajua pande ni 6. Hiyo ni hatari, inahesabika. Mashaka ni pale ambapo hata pande hazijulikani.

Sasa Manono. Kampuni AVZ Minerals ya Australia ilitoboa mawe kule na kutangaza tani milioni 400 za mawe yenye lithiamu, madini ya kutengeneza betri. Hisa zake ziliuzwa katika soko la Australia. Kisha yakaja mabishano juu ya nani ana haki ya mugodi: AVZ, Cominière ya serikali yetu, na Zijin ya China. Mwezi wa 5, 2022, biashara ya hisa hizo ilisimamishwa, bei ikiwa senti 78 za Australia. Mwezi wa 5, 2024, AVZ ikaondolewa sokoni. Kwa miaka ile miwili mwenye hisa hakuweza kuziuza sokoni, hata kama mutoto wake alihitaji feza ya masomo. Mawe yalipimwa, mwisho wa mabishano hakuna aliyeweza kuupima.

5. Tunashika nini?
Hatari inayohesabika, tuihesabu. Mashaka hayahesabiki, basi dawa yake ni kipimo: usiweke feza ya chakula, ya masomo ao ya likelemba, na usiweke yote pahali pamoja. Na yule anayeahidi faida kubwa pasipo hatari, tumukimbie. Mwaka 1991 watu wengi wa Kinshasa walipoteza akiba yao kwa Bindo, aliyeahidi vile.

Maswali
a) Kama hisa B ingeuzwa kwa 100, faida yake ya kati ingekuwa kwa mia ngapi?
b) Toa mufano mumoja wa hatari na mumoja wa mashaka katika biashara ya hapa Kalemie.